Chonge na Sikio

Majina ni mali ya kila mtu, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaoyakagua. Mtoto hupokea jina la mnyama kutoka kwa mama yake kama apokeavyo uji, akakua nalo bila ya kuuliza lilivyoundwa. Lugha yetu ina ushahidi mwingi wa desturi hiyo. Simbamarara ameitwa simba, naye ni mnyama wa misitu ya Asia ambaye hajapata kuwa mwenyeji wa pori lo lote la Afrika. Simbamangu ni mdogo wa umbo, hana ushungi wala ngurumo, lakini naye amepewa fungu lake la simba. Fisimaji ni mnyama wa mtoni alaye samaki; nasaba yake i karibu na nyegere, wala hana undugu wa karibu na fisi. Ama fisi mwenyewe, ambaye kwa mwendo na umbo aghalabu hudhaniwa kuwa ni jamaa ya mbwa, kwa kweli yu karibu zaidi na paka. Wazee waliotunga majina haya hawakuwa wajinga. Walitaja walichokiona: milia, meno, mwendo, ukali. Walitaja sura, na sura ndiyo inayomfikia mtu kwanza.

Insha hii yahusu kazi mbili zinazoishi kwa kutoa majina. Ya kwanza ni kazi ya wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, hasa wale wanaojaribu kupambanua wanyama walao nyama waliofanana na paka. Ya pili ni kazi ya makampuni ya televisheni ya mtandaoni, ambayo kwa miaka ya karibuni yamejitangaza kuwa nyumba za watu wa kila rangi na kila taifa. Kazi hizi zaonekana kuwa mbali kama Lamu na Kigoma. Hata hivyo, katika mwaka mmoja wa 2019 kila moja ilishika mkononi mwake kitu chenye jina la simba, na kila moja ikalazimika kujibu swali lile lile: je, tumjue kitu kwa kile kinachotangulia mbele ya macho yetu, au kwa kile kilichofichika ndani yake? Nakusudia kusimulia historia ya kazi ya kwanza, kisha niitumie kama mizani ya kuipima ya pili.

Historia ya paka wa kale ianze Paris. Mwaka 1824 Georges Cuvier, bingwa wa kulinganisha viungo vya wanyama, alieleza meno marefu, bapa, yenye makali, ambayo baadhi yake yalitoka katika bonde la mto Arno nchini Italia. Yalikuwa meno matupu, bila ya fuvu. Cuvier aliyahesabu kuwa ni ya dubu, akampa mnyama huyo jina la Ursus cultridens, yaani dubu mwenye meno ya kisu. Miaka 9 baadaye, mwaka 1833, Johann Jakob Kaup wa Darmstadt katika Ujerumani alikataa kuwa dubu anaweza kuwa na meno ya namna hiyo, akatunga jina jipya la Machairodus, linalotokana na neno la Kiyunani la jambia. Leo mnyama huyo amewekwa katika jamii ya paka.

Wakati huo huo, huko Brazil, mtaalamu wa Kidenmark aitwaye Peter Wilhelm Lund alikuwa akichimba katika mapango ya Lagoa Santa. Alipopata meno machache ya nyuma ya mnyama mkubwa alaye nyama, alidhani kuwa ni ya fisi, akayaandika hivyo. Mifupa mingine ilipopatikana, pamoja na chonge ndefu kupita kiasi, aligeuza shauri lake, na mwaka 1842 akamwita mnyama huyo Smilodon populator. Huyu ndiye ambaye watu wengi wa Ulaya na Marekani humwita hata sasa simbamarara mwenye meno ya upanga. Simbamarara si wake. Vipande vya urithi vilivyotolewa katika mifupa ya jamaa zake vimeonyesha kuwa tawi lake liliachana na paka wote walio hai leo zamani sana, yapata miaka milioni 20 iliyopita. Yu paka kweli, lakini ni wa mlango uliokwisha kufungwa.

Tutambue mambo mawili katika habari hizi. Kwanza, Cuvier na Lund walikuwa mabingwa wa zama zao, na wote wawili walipotea kwa kuwa walikuwa na sehemu ndogo ya mwili iliyowavutia kuliko sehemu nyingine. Pili, wote waliandika sababu zao. Kwa kuwa sababu zilikuwa wazi, mwingine aliweza kuja na kuzipindua bila ya kumtukana aliyetangulia.

Chonge ndefu ilikuwa na hila kubwa zaidi ya hizo. Katika karne ya 19 wachimbaji wa nyanda za magharibi ya Marekani, katika nchi kame za Dakota na Nebraska, walitoa mafuvu ya wanyama waliofanana mno na paka. Joseph Leidy wa Philadelphia alimpa mmoja wao jina la Dinictis mwaka 1854. Edward Drinker Cope akaongeza wengine, na mwaka 1880 akawatungia jamii yao pekee, Nimravidae. Wanyama hawa walikuwa na uso mfupi, kucha za kushikia na chonge za kisu. Waliishi Marekani ya Kaskazini kabla ya paka wa kweli kufika huko. Mtu aliyewaona kwa macho matupu angesema bila ya kusita: hawa ni paka. Kumbe ushahidi uliowatenga ulikuwa mahali ambapo watu hawapaangalii.

Chini ya fuvu, nyuma ya kiungo cha taya, kuna kibumba cha mfupa kinachofunika sikio la kati. Katika paka wa kweli kibumba hicho kimegawanywa kwa ukuta mwembamba wa mfupa hata kikawa na vyumba viwili. Katika nimravidi ukuta huo kamili haupo. Jambo hili ni dogo kwa kipimo, lakini ni kubwa kwa maana. Lilionyesha kuwa mbele yetu kuna koo mbili zilizotengana kwa asili na kukutana kwa sura.

Mfano ulio mkali zaidi ulipatikana Amerika ya Kusini. Mwaka 1926 msafara wa makumbusho ya Field ya Chicago ulichimba katika jimbo la Catamarca, Argentina, ukapata fuvu lenye chonge ndefu mno zilizoendelea kukua maisha yote ya mnyama. Mwaka 1933 Elmer Riggs alimwita Thylacosmilus. Huyu hakuwa paka wala jamaa wa paka. Ukoo wake ulikuwa karibu na ule wa wanyama wabebao watoto katika mifuko, kama kangaruu. Kwa miaka mingi alifundishwa vyuoni kuwa ni pacha wa Smilodon kwa maisha, ingawa si kwa nasaba. Mwaka 2020 hata upacha huo wa maisha ulitiwa shaka: Christine Janis na wenzake walionyesha kuwa meno na taya zake hazikufaa kwa uwindaji wa namna ya Smilodon. Kwa hiyo chonge haikuthibitisha nasaba, na yamkini haikuthibitisha hata kazi.

Kwa nini sikio liaminiwe kuliko jino? Sababu yake inastahili kukaa moyoni mwa mwanafunzi, kwa kuwa ndiyo nguzo ya insha hii. Jino la mbele hutumikia riziki. Ndilo linalokutana na windo, na riziki inapobadilika, jino hulazimika kubadilika nalo. Wanyama wa koo mbalimbali wakitafuta riziki moja kwa njia moja, meno yao huelekea umbo moja. Ama ukuta ulio ndani ya kibumba cha sikio haulazimishwi na windo kwa kiasi hicho. Hubaki ulivyorithiwa vizazi kwa vizazi. Ndiyo kusema, kiungo kinachoshindaniwa zaidi ndicho kinachoiga upesi, na kiungo kisichoonekana ndicho kinachotunza habari za ukoo.

Nisieleweke kuwa sikio ni mtume asiyekosea. Kuna ukoo mwingine wa wenye chonge ndefu, uitwao wa Barbourofelis, ambao ulihesabiwa zamani pamoja na nimravidi. Mwaka 2004 wataalamu waliutenga kuwa jamii yake yenyewe na kuusogeza karibu na paka wa kweli. Mwaka 2020 fuvu lililotoka China, la mnyama aliyeitwa Oriensmilus, lilichunguzwa, hasa sehemu zake za sikio, na waliolichunguza wakaurudisha ukoo huo upande wa nimravidi. Mtu asiye na subira atasema kuwa wataalamu hawajui walisemalo. Mimi nasema kinyume chake. Walijua kipimo chao, wakakitangaza, na ushahidi mpya ulipokuja waliweza kujua ni wapi pa kugeuza shauri.

Sasa tumfikie simba wetu wa kwanza. Katika mahali paitwapo Meswa Bridge, magharibi ya Kenya, wachimbaji wa mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 walikuwa wakitafuta mabaki ya nyani wakubwa wa kale, kwani kila aliyechimba siku hizo alitamani kupata habari za asili ya binadamu. Pamoja na walichokitafuta walitoa taya, kipande cha fuvu na mifupa mingine ya mnyama mkubwa alaye nyama. Mifupa hiyo ilipelekwa katika makumbusho ya taifa, Nairobi, ikawekwa katika droo, ikakaa humo miongo kadhaa. Haikupotea wala haikufichwa. Ilikosa mtu wa kuiuliza. Mtaalamu wa Kimarekani, Matthew Borths, aliifungua droo hiyo alipokuwa akichunguza wanyama wa ukoo huo, akaona safu ya meno makubwa kupita kawaida. Yeye na Nancy Stevens walitangaza habari zake mwezi wa Aprili 2019 na kumpa mnyama jina la Simbakubwa kutokaafrika.

Mnyama huyu aliishi yapata miaka milioni 22 iliyopita. Uzito wake umekadiriwa kwa njia mbalimbali, na makadirio hayo yanaanzia kilo 280 hata kupita kilo 1,500, maana ni vigumu kumpima kwa meno mnyama ambaye hana mfano wake leo. Fuvu lake lilikuwa kubwa kama la kifaru. Lakini kuhusu nasaba yake hapakuwa na shaka. Wanyama wa kundi la simba, mbwa na fisi wana jozi moja tu ya meno makuu ya kukatia nyama katika kila upande wa kinywa. Simbakubwa ana jozi tatu. Kwa hiyo yeye ni wa hayaenodonta, kundi la kale lililokwisha kabisa, ambalo jina lake nalo maana yake ni wenye meno ya fisi, ingawa si fisi. Yu simba kwa jina tu, katika kundi la fisi wa jina tu.

Msomaji wa Kiswahili hapa hatakosa kusitasita. Simba ni wa ngeli ya viumbe vyenye uhai, na kwa kanuni tungesema simba mkubwa. Simba kubwa ni usemi wa anayeijua lugha kwa mbali, au wa mtu wa bara asiyejali sarufi ya pwani. Wako watakaomtetea mtungaji kwa kusema kwamba katika ukuzaji, kama tunavyosema jitu kubwa, kiambishi hudondoka, na mnyama wa uzito huo alistahili kukuzwa. Utetezi huo naukubali nusu. Lakini liwe sahihi au lisiwe, jina halitabadilika, kwa kuwa sheria ya kimataifa ya majina ya wanyama hairuhusu jina kutupwa kwa sababu tu halifai. Nyangumi wa kale aliyedhaniwa kuwa mjusi mwaka 1834 anaitwa hata leo Basilosaurus, mjusi mfalme. Wataalamu wameafikiana kuwa jina ni kamba ya kufungia kitu kisipotee; habari za kitu chenyewe huandikwa mahali pengine, katika maelezo ya viungo. Heshima ya lugha yetu kuingia katika orodha hiyo ni ya kweli, nami naifurahia. Hata hivyo ni heshima ya jina. Maarifa yaliyomo yalitoka katika safu ya meno, na mifupa yenyewe ingali mali ya Kenya.

Tutoke katika makumbusho, twende sokoni. Chapa ni alama ambayo mfanyabiashara huipiga juu ya bidhaa ili mnunuzi aijue kabla ya kuifungua. Televisheni ya zamani ya Marekani ilikuwa na makampuni makubwa matatu yaliyotaka kumpendeza kila mtu kwa wakati mmoja, na kwa hiyo haikuwa na haja kubwa ya chapa za makundi. Nyaya zilipoleta idhaa nyingi, ilianza kuwa faida kulitaja kundi kwa jina, kama ilivyofanya idhaa ya BET iliyoanzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya Wamarekani weusi. Televisheni ya mtandaoni, ambayo humpa mtazamaji picha kwa njia ya intaneti saa aitakayo, iliipeleka hesabu hiyo mbali zaidi. Netflix ilianza kazi hiyo mwaka 2007, na mwezi wa Januari 2016 ilifungua milango katika nchi nyingine 130 kwa siku moja. Duka lenye wateja wa mataifa hayo yote lilihitaji kumwambia kila mmoja wao: humu umo.

Kwa hiyo mwaka 2018 kampuni hiyo ilianzisha chapa ya Strong Black Lead kwa watazamaji weusi. Mwezi wa Juni mwaka huo ilitoa tangazo lililowakusanya wasanii weusi 47 wa kazi zake, kwa kuiga picha mashuhuri ya wanamuziki wa jazi iliyopigwa Harlem mwaka 1958. Lilikuwa tangazo la fahari, na wengi waliokuwamo walikuwa watu waliofanya kazi kubwa kweli. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka ule ule baadhi ya watazamaji weusi walilalamika kuwa picha ndogo zinazotangulia kila filamu zilionyesha waigizaji weusi walio na maneno machache tu katika filamu zenyewe, kana kwamba wao ndio wakuu wake. Kampuni ilijibu kwamba haiwaulizi wateja rangi yao, na kwamba picha huchaguliwa kwa kufuata yale ambayo mtu amekwisha kuyatazama. Majibu hayo yaweza kuwa kweli tupu, na jambo likabaki pale pale. Picha ya mbele ilikuwa inatumikia riziki. Kila mtazamaji alionyeshwa chonge aliyoipenda, na mwili uliokuwa nyuma yake ulikuwa ule ule. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Simba wetu wa pili ni filamu ya Nigeria iitwayo Lionheart, yaani moyo wa simba. Iliongozwa na Genevieve Nnaji, ikaonyeshwa Toronto mwezi wa Septemba 2018, ikanunuliwa na Netflix na kutolewa ulimwenguni mwezi wa Januari 2019. Ni hadithi ya binti anayejaribu kuiokoa kampuni ya mabasi ya baba yake katika mji wa Enugu. Nigeria iliipeleka Marekani ishindanie tuzo za Oscar, na ilikuwa mara ya kwanza kwa taifa hilo kufanya hivyo. Mwaka huo huo Akademia inayotoa tuzo hizo ilikuwa imebadili jina la fungu husika: lililokuwa la filamu bora ya lugha ya kigeni likawa la filamu bora ya kimataifa. Jina lilibadilika, lakini kanuni haikubadilika. Maneno mengi ya filamu yalipaswa yawe katika lugha isiyo Kiingereza. Lionheart ina Kiigbo kwa dakika 11 hivi katika dakika 95, na sehemu kubwa iliyobaki ni Kiingereza. Mwezi wa Novemba 2019 iliondolewa. Nnaji alijibu kwamba hivyo ndivyo wao wanavyosema, kwamba Kiingereza ni daraja baina ya lugha zaidi ya 500 za nchi yake, na kwamba hawakuchagua nani awatawale.

Habari hii inafundisha jambo ambalo ile ya picha ndogo haikulifundisha. Katika picha ndogo kosa lilikuwa kuitazama sura peke yake. Hapa Akademia ilikuwa na kipimo kilicho wazi, kilichoandikwa, kinachohesabika kwa saa. Hata hivyo kipimo kilipima kitu kisichokusudiwa. Waliotaka kujua kama filamu ni ya taifa jingine waliuliza lugha, na lugha katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza ni chonge: imeumbwa na riziki, shule, ofisi na biashara. Mtu wa Nairobi au Kampala aweza kuzungumza Kiingereza kutwa nzima bila ya kuwa Mwingereza. Kama wangeuliza nani aliyeiandika, nani aliyeiongoza, fedha zilitoka wapi, na hadithi yachungua maisha ya nani, jawabu lingepatikana upesi.

Basi sikio la televisheni li wapi? Naliona katika mambo ambayo mnunuzi haonyeshwi dukani: nani ana mamlaka ya kuagiza kazi, nani huiandika, haki za kazi zinabaki kwa nani, na ahadi inadumu muda gani soko linapopoa. Haya hayapangwi kwa kumvutia mtazamaji, na kwa hiyo hayana sababu kubwa ya kuiga. Haki inataka tukubali kuwa mengine yamepata kupimwa. Mwezi wa Februari 2021 Netflix ilitangaza uchunguzi ilioagiza kwa Chuo Kikuu cha Southern California, ulioongozwa na Stacy Smith, kuhusu filamu na michezo yake ya Marekani ya miaka 2018 na 2019. Uchunguzi huo haukuishia kwa waigizaji; uliwahesabu waongozaji, waandishi na watayarishaji pia. Katika vipimo 22 ulikuta maendeleo katika 19, na kasoro zilizobaki zikatajwa. Ni kweli kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na aliyelipia uchunguzi ndiye aliyechunguzwa. Lakini hesabu iliyotangazwa pamoja na kasoro zake yaweza kubishaniwa, na tangazo la fahari haliwezi.

Kipimo cha muda ndicho kilichoumiza zaidi katika bara letu. Mchezo wa Queen Sono wa Afrika ya Kusini ulitolewa mwezi wa Februari 2020 kwa sifa ya kuwa mchezo wa kwanza wa mfululizo ulioagizwa na Netflix kutoka Afrika. Mwezi wa Aprili kampuni iliahidi mfululizo wa pili, na mwezi wa Novemba ahadi ikafutwa kwa sababu ya taabu za maradhi ya ulimwengu mzima. Amazon nayo ilifungua huduma iliyotengenezwa kwa ajili ya Nigeria mwezi wa Agosti 2022. Mwezi wa Januari 2024 ikatangaza kuwa haitaagiza tena kazi mpya kutoka Afrika na Mashariki ya Kati. Huko Marekani, mwezi wa Februari 2025, kampuni ya Paramount iliwaarifu watumishi wake kuwa imeacha malengo ya hesabu katika kuajiri watu wa makundi mbalimbali. Simlaumu mfanyabiashara kwa kufanya biashara. Nasema tu kwamba riziki ilipobadilika, kilichobadilika kwanza ni kile kilichokuwa kimewekwa mbele.

Kila ulinganifu una mpaka wake, na wangu unao. Mfupa hauna kauli; Simbakubwa hakuulizwa aitweje. Binadamu anayo kauli, na jina ambalo watu hujipa wenyewe lina haki ambayo jina la droo halina. Tena nasaba ya mnyama ni moja, iliyokwisha kupita, na mtu huweza kuwa wa makundi mengi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo sisemi kwamba tuwapime wasanii kwa damu yao kama tupimavyo mafuvu. Historia ya karne iliyopita imeonyesha ubaya wa kuwapima watu hivyo. Ninachotaka kipimwe ni ahadi ya anayeuza. Aliyepiga chapa ndiye anayepaswa kufunguliwa na kuchunguzwa, wala si yule aliyepigiwa chapa.

Tena nisidhaniwe kuwa nalidharau jino. Bila ya ile safu ya meno makubwa, droo ya Nairobi ingefungwa tena, na bila ya fahari ya matangazo huenda vijana wengi wa Lagos na Johannesburg wasingalijua kuwa hadithi zao zina soko. Sura ndiyo inayotuita tusimame. Kosa huanza pale tunapodhani kuwa kusimama ni sawa na kujua.

Hili lina maana kwa wanafunzi wa vyuo vyetu. Televisheni hizi zimo mikononi mwao, na wengi wao watazifanyia kazi: watatafsiri maneno, wataandika michezo, watatia saini mikataba. Wataambiwa kuwa Kiswahili kimeheshimiwa kwa kutajwa, kama kilivyotajwa katika jina la mnyama wa Meswa. Na wapokee heshima hiyo kwa adabu, kisha waulize yale ambayo mtaalamu wa mifupa huyauliza: kipimo ni kipi, kimeandikwa wapi, na nini kingetufanya tugeuze shauri? Ikiwa jawabu halipo, basi walichopewa ni jina, na jina litabaki hata kitu chenyewe kitakapoondoka. Mifupa ya Simbakubwa ilikuwapo miongo kadhaa kabla ya kuitwa hivyo, na kila lililojulikana juu yake lilitoka katika mifupa hiyo, mbele ya mtu aliyekuwa na swali.